Maabara ya Mbao Ilipotaka Kuihudumia Misitu ya Unguja: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinahusu chuo kikuu kimoja cha Unguja ambacho kilipata fedha za kupanua maabara yake ya mazao ya mbao, kwa masharti kwamba maabara hiyo iwahudumie wapanda miti, kamati za misitu za vijiji na mafundi seremala wa kisiwani, pamoja na wanafunzi. Majina ya chuo, shehia, hoteli na watu wote yameondolewa, na mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika yamesemwa kwa ujumla. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa vyuo na maofisa misitu wanaofikiria kuanzisha huduma kama hii, na mkazo umewekwa kwenye maamuzi yaliyofanywa kabla na baada ya kununua vifaa, kwa sababu huko ndiko mambo yalikotengenea na kuharibikia.

Usuli

Unguja ina sura mbili za ardhi, na kila sura ina miti yake. Magharibi kuna udongo wenye kina, ambako ndiko ilikostawi mikarafuu, minazi, miembe na mifenesi. Mashariki na kusini kuna maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ambayo mwitu wake hutoa kuni, mkaa, fito na miti ya kuchomea chokaa kuliko unavyotoa mbao. Msitu wa Jozani umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na haukuhesabiwa kabisa katika mpango huu, wala mikoko ya ufukweni. Mbao nyingi za ujenzi na samani hutoka Bara: paini kutoka mashamba ya Mufindi, na mninga na mkongo kutoka misitu ya asili, zikipitia bandarini kwa gharama ambayo fundi wa Unguja huilipa kabla hajashika randa.

Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 iliweka msingi wa mikataba ambayo kwayo wanakijiji husimamia mwitu wao pamoja na idara yenye dhamana ya misitu. Katika vijiji kadhaa kamati zilizotokana na mikataba hiyo zilipanda mivinje, akesia na kidogo misaji, ili watu wapunguze kuuingilia mwitu wa asili. Mivinje ilikua vizuri, kwa kuwa huvumilia mchanga na chumvi, lakini ilipofikia unene wa kupasuliwa mbao haikuwa na mnunuzi. Iliuzwa kwa boriti na kuni, na bei ya kuni haimshawishi mtu kupanda tena.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye oveni, mizani, kipima unyevu cha sindano mbili, msumeno wa meza na kabati la vipande vya mbao vya kufundishia utambuzi. Wanafunzi waliitumia wakati wa mazoezi yao. Fundi wa mtaani hakuwa na sababu ya kuingia humo.

Mlolongo wa matukio

Mpango wa awali wa upanuzi, ulioandikwa na walimu kwa kufuata mfano wa maabara kubwa za nje, ulijengwa juu ya vitu viwili: mtambo mkubwa wa kupimia nguvu za mbao na tanuri la umeme la kukaushia. Mtambo peke yake ungekula sehemu kubwa ya fedha zote. Kabla ya zabuni kutangazwa, mkuu wa idara aliomba muda wa kuwasikiliza watakaohudumiwa, na ombi hilo, ambalo baadhi ya wenzake waliliona kuwa la kuchelewesha kazi, ndilo lililobadilisha mwelekeo wa mradi.

Maofisa misitu walitaka njia ya kutambua mbao zilizokwisha kupasuliwa, kwa sababu gogo likishakuwa ubao ni vigumu kujua kama limetoka shamba la mtu au mwituni. Kamati za vijiji zilitaka soko la mivinje. Mafundi walizungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni milango. Walikuwa wamepoteza kazi za hoteli kwa sababu milango na vitanda walivyotengeneza vilipasuka viungoni baada ya miezi michache, na wenye hoteli wakaamua kuagiza samani kutoka nje. Mzee mmoja mwenye karakana alieleza kwamba mlango uleule aliotengenezea nyumba ya mtaani haukuwa na tatizo lolote, na kwamba kwa miaka mingi alidhani watumishi wa hoteli huisafisha milango kwa maji mengi.

Maelezo ya mzee huyo yaliwapa walimu ufunguo. Mbao huvuta na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa inayoizunguka. Kwa joto la nyuzi 27 na hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80, hali ya kawaida kisiwani, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu, na haitashuka zaidi hata ikianikwa kivulini mwaka mzima. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku kinaweza kuwa na hewa ya asilimia 50, na humo mbao hushuka hadi kiasi cha asilimia 9. Ubao wenye upana wa milimita 400, wa aina inayosinyaa asilimia 8 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, ukishuka kutoka asilimia 16 hadi 9 utapungua zaidi ya milimita 7. Hakuna kiungo cha gundi kitakachovumilia hilo. Mlango wa mtaani ulikaa kwenye hewa ileile iliyoukausha, na wa hoteli ulihamishiwa kwenye hewa nyingine.

Baada ya hapo mpango uliandikwa upya, na kazi ikaanza kwa magogo ya mvinje kutoka shamba la kamati moja. Awamu ya kwanza ilikwenda vibaya. Magogo yalipasuliwa wakati wa masika, yakapangwa uani chini ya turubai, na vijiti vya kutenganisha mbao viliwekwa mbalimbali mno. Mbao zilizunguka na kupinda kiasi kwamba sehemu kubwa ilirudi kuwa kuni. Kamati iliyotoa magogo ilivunjika moyo, na ilichukua mazungumzo marefu, kwa kupitia sheha na wazee wa kijiji, mpaka ikakubali kutoa mengine.

Awamu ya pili ilibadilisha karibu kila kitu. Magogo yalipasuliwa mara tu baada ya kukatwa, ncha zake zikipakwa rangi ya mafuta ili zisikauke haraka kuliko katikati. Moyo wa gogo uliondolewa wote ndani ya kipande kimoja kilichotengwa. Mbao zilikatwa fupi, kwa urefu wa fremu na miguu ya samani, kwa kuwa mvinje mrefu karibu hauwezi kuzuiwa usizunguke. Zilipangwa juu ya misingi ya matofali, vijiti vikiwa vya unene mmoja na vikipangana wima kutoka chini hadi juu, na juu kabisa yakawekwa mawe. Zilianza kukauka kivulini, kisha zikaingizwa kwenye banda la kukaushia kwa jua.

Awamu ya tatu ilihusu minazi mizee. Mnazi hauna matawi, hivyo mbao zake hazina mafundo, lakini si sawa kutoka nje hadi ndani: karibu na gamba, hasa sehemu ya chini ya shina, uzito wake huzidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, na katikati unaweza kuwa chini ya kilo 400, laini kiasi cha kubonyezwa kwa ukucha. Kazi ya maabara ilikuwa kuwafundisha wapasuaji kuzitenga mbao hizo makundi matatu mara zinapotoka kwenye msumeno, kwa kuzipima uzito na kuzitazama nyuzi zake nyeusi zilivyosongamana. Nyuzi hizo huua meno ya msumeno wa kawaida, na ilibidi yanunuliwe meno ya kabaidi, ambayo ni magumu zaidi ya chuma cha kawaida. Kulikuwa na faida nyingine ambayo maofisa wa kilimo waliifurahia zaidi kuliko mbao zenyewe: mashina ya minazi yanayoachwa kuoza shambani ndiyo mazalio ya chonga, mdudu anayetoboa kilele cha minazi mizima, na kila shina lililopasuliwa lilikuwa zalio moja pungufu.

Halafu, bila mtu kuwaita, wakaja madalali na magogo ya miembe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliozua ubishi mkubwa ulikuwa wa kuahirisha ununuzi wa mtambo wa kupimia nguvu. Waliotaka ununuliwe walisema kwamba maabara ya mbao isiyo na mtambo huo haitaheshimiwa na vyuo vingine, na kwamba wanafunzi wa utafiti wataendelea kwenda Bara. Waliopinga walisema kwamba katika mashauriano yote hakuna fundi wala kamati iliyouliza mbao inabeba kilo ngapi. Ulifikiwa mwafaka kwamba vipande vidogo vya majaribio, vile safi vya milimita 20 kwa 20 kwa 300 vinavyolazwa juu ya egemeo mbili zilizoachana milimita 280 na kukandamizwa katikati, vipelekwe chuo cha Bara chenye mtambo. Maabara yenyewe ilitengeneza kifaa chepesi cha kuning'iniza mizigo katikati ya boriti nzima na kupima inavyolegea. Kifaa hicho hakivunji kitu, lakini kinaonyesha ukakamavu wa boriti kwa usahihi wa kutosha kuzitenga boriti nzuri na mbaya.

Tanuri la umeme nalo liliachwa. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na wazee wa idara walikumbuka vizuri mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tena kati ya Disemba 2009 na Machi 2010. Waya mpya umewekwa tangu wakati huo, lakini bili ya tanuri ingebaki, na ingeangukia kwa fundi. Banda la jua lilijengwa kwa kiunzi cha mbao, paa la plastiki angavu lililoelekezwa juani, mabati yaliyopakwa rangi nyeusi chini yake, na feni ndogo zinazoendeshwa kwa paneli za sola. Mchana joto lake hupanda na kukausha. Usiku hewa ya ndani hurudi kuwa na unyevu, na uso wa mbao uliokuwa unaelekea kupasuka hupata nafasi ya kulingana na ndani yake. Kwa mti mkorofi kama mvinje mapumziko hayo ya usiku yana thamani kubwa.

Uamuzi wa tatu ulihusu karatasi. Kila fungu la mbao lilipewa kadi yenye aina ya mti, shehia ulikotoka, namba ya kibali cha kukata, tarehe ya kupasuliwa, na unyevu siku ya kutoka. Unyevu ulipimwa kwa njia mbili, kwa sababu kipima unyevu cha sindano hudanganya kinapotumiwa kwa mti ambao hakikurekebishiwa, na juu ya asilimia 30 hivi hakitegemeki hata kidogo. Kipande cha sampuli kilipimwa uzito, kikakaushwa ndani ya oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito ukasimama, kikapimwa tena. Kilichokuwa gramu 230 na kikaishia gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Baada ya vipimo vingi vya namna hiyo maabara ilijitengenezea jedwali la kusahihisha kipima unyevu kwa mvinje, mwembe na mfenesi. Kadi ilisema kilichopimwa na siku kilipopimwa, na haikuahidi kwamba mlango hautapasuka. Meneja wa hoteli moja alitaka ahadi hiyo iandikwe, chuo kikakataa, na kwa maoni yangu kukataa huko ndiko kulikoifanya kadi iaminike.

Kuhusu miembe, uongozi ulisita kwa msimu mzima. Mbao za mwembe hupendwa na hoteli kwa rangi yake, lakini huingiwa na ukungu wa buluu na kutobolewa na wadudu upesi sana, hivyo maabara, iliyokwisha kujifunza kuzichovya zikiwa mbichi katika maji ya boraksi na asidi ya boriki na kuzifunika wiki kadhaa, ilikuwa mahali pekee pa kuzitengeneza vizuri. Magogo yalipokelewa kwa sababu yalikuwa na vibali, na kwa sababu ada yake ilisaidia kulipa mishahara. Ilipobainika kwamba miongoni mwake mlikuwa na miembe iliyokuwa bado inazaa, mapokezi yalisimamishwa, kisha yakafunguliwa kwa sharti jipya: ofisa misitu wa eneo athibitishe kwa maandishi kwamba mti ulikuwa umezeeka, umeanguka au uko kwenye kiwanja kinachojengwa.

Matokeo

Mafundi waliokausha mbao zao kwenye banda walirudi kupata kazi za hoteli, kwanza meza na fremu za vitanda, baadaye milango ya ndani. Wawili kati yao walijenga mabanda yao madogo kwa kuiga lile la chuo, jambo ambalo mpango haukulitarajia. Kamati iliyotoa mivinje ya kwanza iliuza awamu zilizofuata kwa bei bora kuliko ya kuni na ikapanda tena sehemu iliyokatwa. Mbao za kundi la kwanza la mnazi zilipata wanunuzi wa mapao na sakafu, zile za kati zilitumika kwa kuta za ndani, na za kundi la tatu hazikupata kazi ya maana mpaka leo.

Upande wa pili, miezi ya masika banda lilikaa karibu bure, na mafundi walioahidiwa mbao walisubiri. Fundi sanifu pekee aliyeijua kazi yote alihamishwa, na kwa muda mrefu kadi zilitolewa na wanafunzi ambao hawakuwa wamefundishwa kukausha sampuli mpaka uzito usimame. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya daftari lake, kwa mwandiko wake, na kuviingiza kwenye kompyuta kulianza baada ya yeye kuondoka.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi kilitokana na swali lililoulizwa kabla ya kununua. Maabara haikuwa na mbao ngumu zaidi wala mitambo mikubwa zaidi ya walioagiza samani nje. Ilikuwa na ufahamu wa hewa ya vyumba viwili. Ufahamu huo uligharimu mizani, oveni na subira, vitu ambavyo chuo kilikuwa navyo tangu mwanzo. Nionavyo, vyuo vyetu vingi vina maabara za namna hii ambazo hazijawahi kukutana na mtu mwenye tatizo linaloweza kutatuliwa humo.

Hata hivyo, hoja ya waliotaka mtambo wa nguvu haikuwa dhaifu kama ilivyochukuliwa siku ile. Wakati mradi ukiendelea lilikuja swali kutoka kwa wahandisi wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sakafu za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba, wa mita tatu hivi, ulifuata urefu wa boriti hizo. Mikoko inalindwa, na wahandisi waliuliza kama boriti za mvinje wa kupandwa zinaweza kushika nafasi yake. Swali hilo lingeweza kuifungulia mivinje ya vijiji soko kubwa kuliko samani zote za hoteli, na kuipunguzia mikoko mzigo. Kifaa cha kuning'iniza mizigo kilionyesha ukakamavu, lakini mhandisi hatii saini sakafu bila kujua inavunjikia wapi, na hilo huhitaji kuvunja boriti nzima nyingi, siyo vipande vidogo tu. Jibu halikutolewa kwa wakati, na ukarabati uliendelea kwa mbao za Bara. Kuahirisha mtambo ulikuwa uamuzi sahihi kwa mwaka wa kwanza. Kutoweka tarehe ya kuurudia ndilo lililokuwa pungufu.

Suala la miembe ndilo zito kuliko yote. Mradi ulikusudia kuipa thamani miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao, lakini ujuzi wa kukausha na kutia dawa haubagui mti. Mara tu mbao za mwembe zilipoweza kuuzwa hotelini, mwembe uliosimama shambani ulipata bei mpya, na kwa mwenye shamba anayedaiwa ada ya skuli au gharama za hospitali, msumeno wa moto ulikuwa karibu kuliko msimu wa maembe. Kibali kilikuwepo, na kibali kinajibu kama mtu ana haki ya kukata. Hakijibu kama kisiwa kina miembe ya kutosha kuendelea kulisha karakana. Hesabu ya miti iliyopo katika shehia zilizo karibu ilipaswa kufanywa na chuo pamoja na maofisa misitu kabla ya banda kufunguliwa, na wanafunzi wangeweza kuifanya kama sehemu ya mafunzo yao. Sharti lililowekwa baadaye limesaidia, lakini linamwachia ofisa mmoja, mwenye eneo kubwa na usafiri wa shida, kazi ya kuupitia kila mti.

Kuna jambo la afya ambalo lilipita kimyakimya. Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, na msumeno wa maabara ulifanya kazi mwanzoni ndani ya chumba kisicho na kivuta vumbi. Ulihamishiwa kwenye banda lenye pande wazi baada ya wanafunzi kulalamika.

Sasa ombi la huduma kama hiyo limetoka Pemba, na halitajibiwa kwa kunakili. Pemba hupata mvua nyingi zaidi, miezi ya banda la jua itakuwa michache, na pengine itabidi banda lisaidiwe na jiko la kuchoma maranda na mabaki ya mbao ili likaushe wakati wa masika. Mbao zilizokaushwa Unguja na kuvushwa kwa jahazi zitakuwa zimevuta unyevu tena kabla ya kufika, hivyo kukaushia upande mmoja na kutengenezea upande mwingine hakufai. Hesabu ya miti, safari hii, imewekwa katika bajeti kabla ya msumeno.